Kiti Nilichomsukia Baba Mkwe

Sina sura ya kuwaandikia, lakini nikizidi kunyamaza nitaugua. Nilimkosea mzee aliyenipa mke, mahali pa kulala na mahali pa kufanyia kazi. Sikumpiga wala sikumwibia. Nilimketisha kitini nikamweka hapo, na nilipoambiwa nimwinue, nilidanganya.

Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka kabla ya siku ile. Lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu huenda na wewe una mzee nyumbani unayemtunza jinsi nilivyomtunza mimi.

Mimi ni mtu wa njia. Nilizaliwa Maniema, upande wa juu wa mto, nikamaliza sekondari, na tangu hapo sikuweza kutulia. Nimeuza chumvi, nimechimba dhahabu, nimepakia mihogo kwenye mitumbwi. Kila mji nilioingia niliupenda mpaka nilipouzoea, kisha nikaanza kuukumbuka ule niliouacha. Sasa nimepita miaka arobaini na bado najikuta naota niko jikoni mwa watu walionisahau zamani.

Kisangani nilifika kwa tabu. Nilishuka mto kwa mtumbwi hadi Ubundu, mahali ambapo maporomoko yanazuia vyombo na kila msafiri anaulizia treni. Treni haikuwepo. Mara tukaambiwa iko njiani, mara imeharibika, mara inangoja mafuta. Nilichoka kungoja, nikaungana na wanaume wanaosukuma baiskeli za mizigo kupitia msituni. Baiskeli zile hazipandwi. Zinabebeshwa mafuta ya mawese na samaki wakavu mpaka magurudumu yanalia, na wewe unasukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mlima hadi mlima, tope hadi tope.

Njiani daraja lilikuwa limeanguka, tukakwama katika kijiji kimoja. Pale kulikuwa na fundi wa viti vya kekele, ule utete mrefu wa msituni unaopindika bila kuvunjika. Alihitaji mikono, nami nilihitaji chakula. Nikajifunza kuchuna kekele, kuipitisha kwenye moto, kuikunja na kuisuka. Siku nilipomaliza kiti changu cha kwanza nilikikalia, miguu imevimba, kucha moja imeng'oka, nikajiambia: aliyekaa ndiye aliyefika. Anayetembea ni yule ambaye dunia bado haijamhurumia.

Lo, wazo lile! Nililibeba mpaka Kisangani kuliko mzigo wowote wa baiskeli.

Nilivuka mto kutoka Lubunga asubuhi moja yenye ukungu, nina kisu, koleo na furushi la nguo. Nikaanza kusuka vigoda kando ya barabara, mtaa wa Makiso. Ndivyo nilivyompata Mwamini. Alinunua kigoda, akakirudisha kesho yake, akakiweka chini mbele ya wateja wengine, akakisukuma kwa kidole.

"Papa wa viti," alisema, "hii kiti yako iko inacheza. Sikulipa ya kucheza, nililipa ya kukaa."

Watu walicheka. Nilirekebisha mguu wa kigoda, nikampelekea nyumbani mwenyewe, nikakaribishwa chai, na mwaka haukuisha kabla sijaoa.

Baba yake nitamwita Papa Amisi, ingawa si jina lake. Ni wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Kisangani tangu enzi za misafara ya biashara. Maisha yake yote aliuza vitambaa kwa miguu, majora begani, akipita parcelle kwa parcelle, yaani kiwanja cha nyumba hadi kingine, akiita wanawake kwa majina ya watoto wao. Nilipomkuta alikuwa amefiwa na mke, na biashara amekwisha kuiacha. Kutembea hakuwa ameacha. Kila asubuhi, baada ya swala na chai, alishuka mpaka libongo, ndivyo watu wa pale wanavyouita ukingo wanapofunga mitumbwi, kuonana na rafiki yake Papa Lotika, Mkristo wa Yanonge anayeuza samaki wa kukaushwa.

Wazee wale wawili walitembea ukingoni wakikagua mizigo isiyo yao na kubishana juu ya kila kitu: samaki yupi mnono, mtumbwi upi utazama, nani alimwazima nani mwavuli zamani zile. Kisha Papa Amisi alipanda kurudi nyumbani, kofia yake nyeupe imelowa jasho, samaki mkononi. Jioni alitoka tena. Alikuwa mwembamba, na alipocheka alisikika nyumba ya tatu.

Alinipa binti yake, akanipa na kivuli cha ukuta wa mbele wa parcelle, kando ya barabara, nifanyie kazi hapo. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nitaondoka lini. Baada ya miaka yote ya kulala kwa watu, kwa mara ya kwanza nilikuwa na mlango ninaougonga bila kuogopa.

Hapo ndipo maneno ya watu yaliponiingia. Pembeni mwetu alikaa mama mmoja muuza mikate ya mafuta, mwenye ulimi mkali. Siku moja Papa Amisi alipita akitoka libongo, anahema kidogo, na yule mama akanigeukia.

"Bokilo yako anapita hapa na miguu kila siku, jasho inamutoka," alisema. "Na wewe uko unauzisha viti kwa watu wa inje. Ile heshima, kwenu kule juu, munajifunzaka wapi?"

Lazima uelewe. Bokilo, yaani mkwe, kwetu ni mtu wa kuogopwa. Baba wa mke wako akiingia, unasimama. Akiketi, hainuki tena kwa ajili ya kitu chochote kinachoweza kuletwa. Akitaka maji, unakimbia wewe. Mwanaume anayemwacha baba mkwe ajichotee maji mwenyewe husemwa mpaka siku ya mazishi. Na mimi nilikuwa mgeni, mtu wa kuja, asiye na ndugu pale wa kunitetea. Niliumia sana.

Nikaenda kununua kekele nzuri kuliko zote, nikamsukia kiti.

Sitajisifu, lakini kilikuwa kiti! Mgongo wake ulipanuka kama mkia wa tausi. Mikono ilikuwa mipana, glasi ya chai inasimama bila kutikisika. Kando niliweka kulabu ya redio, chini nikaweka mahali pa kunyooshea miguu. Nilikiweka mbele ya lango, ukutani, pale pale nilipofanyia kazi. Papa Amisi alikaa, akajinyoosha, akacheka kile kicheko chake.

"Mwanangu, hii sasa iko kiti ya mwami, ya mufalme," alisema.

Siku ile ile mwanaume mmoja wa pikipiki alisimama kumsalimia, akazunguka kiti, akauliza nani fundi. Kesho yake akaja mwingine. Baada ya muda watu walikuwa wanasema waziwazi, nitengenezee kimoja kama cha Papa Amisi. Na mimi nikagundua jambo: kiti kile kikiwa kitupu, watu wanapita. Akikaa mzee yule katika kanzu yake nyeupe, mguu mmoja juu ya mwingine, anasalimia barabara nzima, wanasimama. Baba mkwe wangu alikuwa bango langu!

Sikulisema neno hilo hata moyoni. Niliita heshima. Lakini tangu hapo nilihakikisha hana sababu ya kuinuka. Birika la kutawadhia nililiweka karibu na mkono wake wa kulia. Chai ilimfuata, lituma, zile ndizi za kupondwa, ilimfuata, samaki alimfuata. Akitafuta miwani, niko hapo. Akitaka kwenda kwa jirani, jirani anaitwa. Akisema anashuka libongo, namwambia jua ni kali, au mvua inakuja, au leo Papa Lotika atapanda huku mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kumwomba Lotika apande, nikamwambia mzee anachoka.

Lotika alipanda na samaki wake. Alimtazama rafiki yake kitini, akanitazama mimi.

"Bokilo, ulimupanda papa hapa kama mugomba," alisema. "Bon. Mugomba unazaa ndizi. Huyu atazaa nini?"

Tulicheka wote, Papa Amisi kuliko sisi. Nilicheka huku nimekunja kekele mkononi, na mbele yangu kuna viti vitatu vilivyoagizwa.

Na jambo hili linanichoma: mimi mwenyewe sikukaa hata kidogo. Kutwa nilikuwa nazunguka, nachuchumaa, nainuka, naenda mtaa wa Tshopo kupeleka viti, narudi, nashuka mtoni kutafuta kekele. Jioni nilimwacha mzee kitini nikaenda kutazama maji, nikikumbuka Maniema, nikikumbuka ile njia ya msituni niliyoilaani. Nilichokipenda mimi nilimnyima yeye, nikamwambia anapumzika.

Kidogo kidogo alibadilika. Tumbo likatoka. Soksi ziliacha mistari mirefu kwenye miguu iliyojaa. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na akienda msalani nyuma ya nyumba alirudi anahema, ameshika ukuta. Magoti yalikakamaa. Siku moja alichelewa kuinuka katika swala mpaka nikadhani ameanguka. Nikamwambia, "Papa, swali tu hapo kitini, Mungu anaona." Dini inamruhusu mgonjwa, ni kweli. Lakini mzee yule hakuwa mgonjwa wa kitu kingine. Alikuwa mgonjwa wa kukaa. Swala ndiyo ilikuwa imebaki kumwinua, asubuhi hadi usiku, na mimi nikaiondoa. Mimi, Mwislamu wa jina, ninayekumbuka kuswali siku ya Idi!

Mwamini ndiye aliyesema tumpeleke kituo cha afya. Mimi ndiye niliyempeleka. Muuguzi alikuwa mama mtulivu, miwani kwenye ncha ya pua. Alimpima mara mbili, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa imepanda, na sukari katika damu ilikuwa inapanda pia. Alimwandikia dawa, akamweleza chumvi na sukari ya chai. Kisha, mzee akiwa anavaa viatu, alinivuta pembeni.

"Wewe iko mutoto wake?"

Nikasema mimi ni bokilo.

"Bon. Unisikilize bien, juu wewe ndiye utakuwa naye nyumba. Dawa atakunywa. Lakini ile kukaa kutwa nzima, ile inamuharibu pole pole. Miguu haifanyi kazi, sukari inabakia mu damu, moyo inasukuma peke yake. Asikae murefu. Ainuke kila mara, hata kuzunguka parcelle tu. Kisha kula, atembee kidogo. Maji yake, aende kuchota mwenyewe. Musimufanyie kila kitu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilisikia kila neno. Hata sasa naweza kuyasema yote bila kukosea, na hiyo ndiyo adhabu yangu.

Tulipotoka nje Papa Amisi alinishika bega. Akaniuliza yule mama alikuwa ananiambia nini pale pembeni.

Ndugu yangu unayesoma, muda wa kujibu ulikuwa wa kutosha. Wanaume wa toleka walikuwa wanatuita tupande baiskeli zao, na sisi tumesimama. Niliwaza kiti kitupu mbele ya lango. Niliwaza yule mama wa mikate akimwona mzee anabeba ndoo na mimi nimekaa ninasuka. Niliwaza viti vilivyoagizwa.

"Alisema unywe dawa, Papa," nikamjibu. "Na upumzike."

Upumzike! Neno hilo nililitunga mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiangalia viatu vyangu.

Mwamini nilimwambia vile vile. Aliamini, kwa nini asiamini? Alinunua dawa, akaacha kutia chumvi. Lakini mwanamke ana macho. Alianza kuuliza kwa nini baba asije kula jikoni pamoja nasi, akae na watu, ajinyooshe. Nikamuuliza kama anataka mtaa useme ninamtesa. Nilimziba mdomo kwa heshima ya baba yake mwenyewe.

Ikaja siku yenyewe. Mwanaume mmoja aliyekuwa anafungua nganda, mahali pa kunywea bia, alikuwa amesikia sifa za viti vyangu na akatuma neno kwamba atakuja kuviona. Asubuhi ile Papa Amisi alikuwa amechangamka. Baleinière, yale maboti makubwa ya mbao, ilikuwa inaingia kutoka Isangi na mpwa wa Lotika ndani yake. Mzee alikwisha kuvaa viatu.

"Leo nashuka libongo," alisema.

Nikamwomba asubiri. Nikamwambia kuna mteja mkubwa anakuja, akae kidogo tu amwone akiwa kitini, kisha nitamsindikiza mimi mwenyewe.

"Kidogo ya namna gani?" aliuliza. Alikuwa anatabasamu. Akakaa.

Mteja hakuja asubuhi. Hakuja adhuhuri. Mzee alikunywa chai, akasinzia, akaamka, akaswali pale pale alipo, akauliza kama baleinière imekwisha kufika. Nikasema bado, na sikujua. Mteja alikuja alasiri imepita. Akazunguka kiti, akagonga mbao, akasema viti ni ghali, akaondoka, akarudi, akacheka na mzee, mwishowe akaagiza. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki yake nimejaa furaha kama mtoto.

Nilipogeuka, Papa Amisi alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Bon, sasa niende," alisema.

Alisimama. Alipiga hatua moja ya mguu wa kulia. Mguu wa kushoto haukuja. Uso wake ulivutika upande mmoja, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo dogo, kisha akaanguka juu ya fungu la kekele zangu mpya.

Tulimfikisha kituoni, tukapelekwa hospitali, tukarudishwa kituoni baada ya siku nyingi. Mshipa wa kichwani ulikuwa umeziba. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vizito na maneno yalitoka pole pole. Yule muuguzi alimpima, akaangalia miguu, akaniuliza mbele ya Mwamini kama mzee alikuwa anainuka na kutembea jinsi alivyoagiza.

Nikainama kumfunga mzee viatu. Mwamini alimtazama muuguzi, akanitazama mimi.

"Uliagiza nini, mama?" aliuliza.

Muuguzi akarudia yote. Hakunipigia kelele. Alisema hata mtu anayetembea anaweza kupata ugonjwa huu, mwili ni mwili, hawezi kuapa kwamba kutembea kungemuokoa. Kisha akaongeza, "Lakini alikuwa na nafasi. Mulimunyima nafasi."

Mwamini alifunga khanga yake kiunoni, akatoka nje. Hakulia mbele yangu. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma ya toleka iliyombeba baba yake, mkono wake mgongoni mwa mzee, nami nilitembea nyuma ya wote kama mwizi anayepelekwa.

Niliona Papa Amisi hakusikia yale ya kituoni, au alijifanya hakusikia. Siku chache baadaye aliniita. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Lotika alikuwepo. Mwamini alisimama mlangoni.

"Siku ile ya kwanza," alisema, neno kwa neno, taratibu. "Ule mama. Sema yote alisema. Usiache kitu."

Nikasema. Asikae murefu. Ainuke kila mara. Kisha kula atembee. Maji achote mwenyewe. Musimufanyie kila kitu. Nilisema mpaka mwisho, na Lotika, mtu wa maneno, aliangalia chini.

Papa Amisi akasema, "Unaona, hayakuwa maneno mengi."

Basi. Ningependa angenitukana. Ningependa angenipiga kwa ule mkono uliobaki mzima!

Tangu siku ile nyumba iliendeshwa kinyume cha kiti changu. Kiti chenyewe kilisukumwa nyuma ya jiko, na kuku wakakipenda. Birika liliwekwa kwenye pipa la maji, mwisho wa parcelle, na mzee aliliendea mwenyewe, ameshika ukuta. Mwamini aliitundika redio jikoni, ili habari zikianza baba yake ainuke kuongeza sauti. Walikula jikoni wote, na baada ya kula alizunguka nyumba, mwanzoni mara moja, baadaye zaidi. Akikaa muda mrefu, Lotika alimchokoza mpaka ainuke kwa hasira kumjibu.

"Papa, simama unitukane vizuri," alimwambia. "Matusi ya kukaa hayana nguvu."

Dawa alikunywa vile vile, hakuacha. Lakini kila tulipompeleka kituoni yule mama aliangalia kipimo na uso wake ukalegea kidogo. Presha ilishuka. Sukari ilitulia. Tumbo lilirudi. Siku moja nilimwona anaswali amesimama, kiganja kimoja ukutani, mguu unatetemeka, na nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Nilijaribu kusaidia. Kila nilipomnyooshea mkono alisema, bila ukali, "Uache. Nitaenda mwenyewe." Mkono wa Lotika aliukubali. Wa Mwamini aliukubali. Wangu aliupita.

Mwamini alivumilia mpaka baba yake alipoweza kufika langoni peke yake. Ndipo akasema nami, tukiwa tunakunja nguo zilizokauka. Alisema hakasiriki tena kwa ajili ya kiti, kwa sababu na yeye alimpelekea baba chai kitini. "Lakini uliambiwa, ukakuja nyumba, ukanitazama," alisema. "Siwezi kulala tena pembeni ya mutu anajua kitu na ananyamaza." Hatukuwa na mtoto wa kutufunga. Wajomba zake walikuja, wakazungumza, wakanywa chai, tukaachana; kila mtu alijua mimi ni mtu wa njia.

Nasuka bado, sehemu nyingine ya mto. Sijui kazi nyingine ya kunilisha. Wanaume wa baiskeli za mizigo wanaopita wananiambia kwamba wazee wawili bado wanaonekana libongo, mmoja anachechemea, wanabishana. Nauliza kila mara, na kila mara najifanya nimeuliza tu.

Siku niliyoondoka ilikuwa asubuhi. Nilifunga kisu, koleo na furushi, nikamuaga Mwamini, naye akaniitikia akiwa ameinamia sufuria. Nilidhani nitatoka kimya kama nilivyotoka katika miji mingine yote. Langoni nilimkuta Papa Amisi amevaa kanzu, ameshika fimbo. Nikamwambia asijisumbue.

"Ulikuja mugeni," alisema. "Mugeni tunamusindikiza."

Wewe usiye wa kwetu huenda husikii neno hilo lilivyonichoma. Mtoto wa nyumbani hasindikizwi. Anatoka tu, kwa sababu atarudi.

Tulishuka pole pole. Vijana wa toleka walimwita apande, akawapungia fimbo. Mama wa mikate alitutazama, akarudi kugeuza mikate yake. Ilituchukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kutumia katika barabara ile fupi, na sikuthubutu kumshika mkono. Lotika alikuwa libongo kati ya vikapu vyake. Alinipa samaki mmoja aliyefungwa kwenye jani, bila utani.

Nilipoweka mguu kwenye mtumbwi wa kuvukia Lubunga, Papa Amisi aliniita.

"Kule unaenda, utasuka viti tena?"

Nikasema nitasuka, Papa.

"Bon. Kila mutu unamuuzisha, umuambie ainuke. Umuambie yote. Usiache kitu."

Nimemwambia kila aliyenunua tangu siku ile. Wengine hunicheka: fundi gani anayewafukuza watu kwenye viti vyake? Na sasa nakuambia wewe. Mwache mzee wako ajichotee maji. Mwache aende kumsalimia jirani, hata kama mtaa utasema humheshimu. Wewe mwenyewe, kama umekaa tangu asubuhi, mbele ya duka lako au ofisini au nyuma ya usukani, inuka, zunguka nyumba, kisha urudi. Na ukiambiwa neno la afya ya mtu, lifikishe lote, nakuomba!

Mtu mmoja pale ukingoni alimsogezea Papa Amisi ndoo iliyopinduliwa akae. Nilimwona akitikisa kichwa. Mtumbwi ulisukumwa, maji yakatuchukua chini kidogo kabla makafi hayajashika. Katikati ya mto niligeuka, alikuwa amesimama. Tulipogusa Lubunga niligeuka tena. Kanzu ilikuwa ndogo kama kipande cha karatasi, Lotika pembeni yake, na ndoo ilikuwa bado tupu.